Unga wa Uwele Niliomwaga Pipani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau jina langu, yenyewe sitaisahau. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Temeke, uani kwa Bi Tatu. Nimesimama mbele ya pipa la bati lililonifika mapajani, mikono yangu imejaa unga hadi kwenye viwiko, nacheka peke yangu kama mtu aliyeokota lulu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilidhani nimeutengeneza ulimwengu.

Kumbe nilikuwa nimeuharibu ulimwengu wa mtu mmoja.

Kaa vizuri nikusimulie. Kama una haraka, nenda kwanza urudi, maana hadithi hii haisikilizwi mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Nyumba ya Bi Tatu ilikuwa kama nyumba zote za Temeke ya wakati ule: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani banda la makuti ambamo kila mpangaji alikuwa na mafiga yake. Bi Tatu mwenyewe alikuwa mjane wa Kizaramo, mdomo wake mkali kama siki na moyo wake laini kama andazi la asubuhi. Sie wapangaji tulitoka pande zote za nchi. Mie nimetoka Newala kuja kufanya kazi kiwanda cha nguo. Chumba cha pili alikaa Mama Koku, mwanamke wa Bukoba mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Na chumba cha mwisho, karibu kabisa na jiko, alikaa Mama Ndahani, binti wa Kigogo, mdogo kwangu kwa umri, na mtoto wake mchanga. Mumewe alikuwa utingo wa lori la mizigo, leo yuko Mbeya, kesho Songea.

Nakuomba umkumbuke huyo Mama Ndahani. Hadithi ni yake.

Sasa mie nilikuwa mtu wa ndoto, mwanangu. Elimu yangu ilikuwa ya darasa la saba, lakini nilikuwa na daftari, na ndani ya daftari nilikuwa nachora mambo: choo cha nyumba nzima, bustani ya mchicha ya mtaa mzima, hata kengele ya kuwaamsha wafanyakazi wa zamu ya asubuhi. Watu wakaniita Bwana Mpango. Nikisikiliza redio ikieleza Ujamaa, nywele zinanisimama! Niliupenda kama kijana anavyompenda mchumba: usiku na mchana, bila kuuliza maswali.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa unga wa yanga. Wazee wenzangu wanaujua. Mvua zilikataa, mahindi yakaadimika, ukaletwa unga wa njano kutoka nje, na huo wenyewe tunaupangia foleni duka la ushirika tangu alfajiri. Kila chumba kikipata chake kinapika peke yake, sufuria sita juu ya meko sita, kuni zinaisha, moshi unatutoa machozi. Nikatazama, nikafungua daftari, nikapata mpango ulionifanya niruke juu. Pipa moja! Tuchanganye unga wetu wote, tupike chungu kimoja, tupokezane zamu. Wajamaa hasa!

Nikawaita watu uani nikawahutubia. Mama Koku akacheka lakini akakubali. Wengine wakakubali kwa sababu ya kuni. Bi Tatu akatafuna tambuu yake taratibu, akasema, "Kupika pamoja sikatai, mjukuu wangu. Hapo pa kuchanganya unga ndipo sijakuelewa."

"Bi Tatu, unga ni unga!"

"Haya, Bwana Mpango," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Laiti ningesikia kilichokuwa ndani ya ile "haya." Mtu mzima akikwambia haya namna ile, mwanangu, simama kwanza.

Jumamosi ile ndiyo nilikuwa nakusanya. Unga wa yanga ukaingia pipani, wa mtama ukaingia, wa ulezi aliokuwa nao Mama Koku wa uji ukaingia. Mama Ndahani hakuwepo, amempeleka mtoto kliniki kupimwa. Nikaingia bandani, nikaona mfuko wa kitambaa umening'inia kwenye mti wa paa, juu kabisa, umefungwa kwa kamba ya ukili. Nikauteremsha. Ndani mna unga wa kijivu, haufiki hata kilo mbili.

Nikasema moyoni, lo, kumbe kuna wanaoficha! Wenzake wanakula yanga, yeye kaning'iniza wake darini. Huo ndio ubinafsi unaosemwa redioni. Sikumsubiri. Sikuuliza. Nikaugeuza mfuko juu chini, nikaukung'uta ndani ya pipa, nikatia mkono nikakoroga mpaka chini, rangi zote zikawa rangi moja. Mfuko mtupu nikautupa kwenye karai la nguo za kufua. Hapo ndipo unaponikuta nimesimama nacheka.

Mama Ndahani akarudi na mtoto mgongoni. Akaniamkia, akaingia bandani kuchemsha maji. Akatoka, macho yameelekea juu, kisha kwangu, kisha kwenye pipa.

"Kaka," akasema, "mfuko wangu uko wapi?"

Nikamjibu kwa furaha kabisa, mwanangu, ndiyo aibu yangu mpaka leo. "Dada, usihofu! Sasa unga wako ni wetu sote, na wetu sote ni wako. Tena siku nyingine usifiche, hapa sote ndugu."

Hakupiga kelele wala hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisogea kwenye pipa akatia vidole viwili, akainua ule unga uliochanganyika, akaunusa, akaurudisha. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Jioni ugali wa kwanza wa chungu kimoja ukaiva. Ulikuwa na rangi ya tope na ladha ya kutokuwa na ladha, lakini tukaula kwa vifijo. Sahani ya Mama Ndahani ikarudi kama ilivyokwenda. Jumapili asubuhi, uji, ukarudi. Mchana, ukarudi. Mama Koku akapika ndizi zake za mwisho akampelekea, zikarudi. Akanywa maji tu. Na Jumapili ile jioni tukaanza kusikia mtoto analia, ule mlio mwembamba wa mtoto anayenyonya asipate kitu.

Bi Tatu akatoka chumbani kwa Mama Ndahani, akanifuata nilipokaa na daftari langu. Hakukaa.

"Maziwa yanamkauka," akasema. "Unajua ule unga ulikuwa wa nani?"

"Si wake?"

"Wa mama yake. Humkumbuki mama yake? Yule bibi aliyekuja kumlea uzazi?"

Nikamkumbuka mara moja! Nani angemsahau? Bibi mwembamba kama fimbo, alishuka kwenye treni kutoka Dodoma na jiwe la kusagia amelifunga kwenye kanga kichwani, jiwe zima, kwa sababu alisikia kwamba Dar es Salaam watu wanasagia mashineni na unga wa mashine humtia mzazi baridi. Siku arobaini alisaga uwele palepale uani, akampikia binti yake ugali na mlenda. Kisha akarudi kwao, jiwe akaliacha, na mwezi wa pili simu ya maandishi ikaja kwamba amefariki. Mie nilitoa pole yangu, nikaenda kazini.

"Ule ndio uliobaki," akasema Bi Tatu. "Wa mwisho aliousaga kwa mikono yake. Binti alikuwa haugusi ovyo. Siku moyo ukimzidi, anachota kijiko kimoja anakoroga uji, anakunywa, anatulia. Kijiko kimoja tu, ili mama asiishe upesi. Wewe umekwenda kumchanganya na yanga."

Nikaanza kubabaika. "Bi Tatu, mie nitamtafutia mwingine. Kilo kumi! Unga ni—"

"Ukisema tena unga ni unga nakuzaba kofi mbele ya wapangaji wangu. Yule mama kazikwa mara moja kwao, na jana umemzika mara ya pili hapa kwangu, tena bila matanga."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mwanangu. Mie nilikuwa nimesimama juu ya kaburi la mtu nikihutubia.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kutafuta uwele. Soko la Temeke nikazunguka meza zote. Mchuuzi mmoja akanitazama akauliza, "Uwele? Unafuga ndege?" Nikasema wa kula mtu. Akaita wenzake waje wanione. Kariakoo hakuna. Mzee mmoja muuza viungo akaniambia, kama uwele upo mji huu, uko kwa watu wa njiwa, jaribu Kinondoni. Nikaenda Kinondoni, nikauliza nyumba kwa nyumba, jua limesimama utosini, mpaka nikaona paa lenye njiwa wengi kuliko mabati.

Mwenyewe alikuwa mzee wa msuli na fulana, anaitwa Mzee Kibwana. Nikamwamkia, nikamweleza yote, na sikujificha chochote. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza maishani kusema jambo bila kulipamba. Akanisikiliza huku njiwa mmoja kamkalia begani.

"Mtoto wa miezi mingapi?"

"Mitatu, babu."

Akaingia ndani akatoka na kifurushi cha uwele, pishi mbili hivi, ndiyo chakula cha njiwa wake wa wiki nzima. Nikatia mkono mfukoni, akaukamata.

"Toa mkono huo. Mie mama yangu alikuwa akinipikia futari ya maboga na nazi. Amekufa siku nyingi, na kila Ramadhani boga likiungua kidogo chini ya chungu, mie namsikia ananiita. Nenda, kijana. Njiwa wangu watakula makombo."

Mwanangu, nilirudi Temeke nakimbia! Sijui kama miguu iligusa chini. Nilikuwa na kifurushi kifuani kama mtu aliyebeba yai.

Lakini uwele si unga. Bi Tatu akanionyesha kidole: jiwe lile pale, limeegemezwa ukutani tangu bibi alipoondoka. Nikalilaza, nikapiga magoti, nikaanza. Wewe hujawahi kusaga kwa jiwe. Mgongo unawaka, ngozi ya viganja inakuacha, na punje zinarukia kila upande isipokuwa ulipozitaka. Na wanawake wa nyumba nzima wametoka wamepanga mstari!

"Jamani njooni!" akapiga kelele Mama Koku. "Bwana Mpango leo kaolewa!"

"Mahari yake nani kachukua?"

"Huyu? Huyu tumepewa bure na nyongeza!"

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Nami nasaga, jasho linadondoka, navumilia, maana mkosaji hachagui fimbo. Krr, krr, krr, jiwe linasema. Krr, krr. Nusu saa. Saa nzima.

Kisha vicheko vikakatika ghafla. Nikainua kichwa. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa wazi, na Mama Ndahani amesimama pale, mtoto kifuani, nywele hazijachanwa, midomo imekauka. Hakuwa ananitazama mie. Alikuwa anasikiliza. Ule mlio, mwanangu, ndio uliokuwa ukimwamsha siku arobaini.

"Si hivyo," akasema. Sauti ilikuwa kama uzi. "Unalisukuma kwa mikono. Mama anasema jiwe haliendi kwa mikono, linakwenda kwa mgongo."

Alitamka "anasema," kana kwamba mama yu hai. Hakutamka "alikuwa akisema."

Akampa Mama Koku mtoto, akaja akapiga magoti, akanisogeza kwa bega. Akashika jiwe dogo la juu, akainama, akarudi, akainama, na uwele ukaanza kushuka kama maji, laini, wa kijivu. Akasaga analia. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Bi Tatu alitukataza kwa jicho.

Maji yalipochemka Mama Ndahani akashika mwiko akasita. "Si wake," akasema. "Nashukuru, kaka. Lakini si wake."

Ndipo Bi Tatu alipoingia chumbani kwake akatoka na kitu amekikunja kwenye kanga. Ulikuwa ule mfuko! Aliuokota kwenye karai la kufulia siku ileile, ungali mkavu, akauficha. Akaugeuza nje ndani polepole, kama mtu anayemvua mtoto nguo, akafungua kwa ukucha mshono wa chini. Na mle mshononi, mwanangu, wallahi nakwambia, mlikuwa na unga. Kidogo, kiasi cha kubana kwa vidole vitatu. Unga wa kijivu, wa bibi yule, uliojificha mahali ambapo mipango yangu haikufika.

Mama Ndahani aliushika mshono ule juu ya sufuria akaugongagonga kwa kidole, tik, tik, tik, mpaka chembe ya mwisho. Kisha akasonga ugali wake juu ya huo, akachemsha mlenda mkavu aliokuwa nao, akakaa chini mkekani na kumega tonge la kwanza.

Sisi sote tumesimama kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Akatafuna. Akafumba macho. Akameza. Akamega la pili, na la tatu, na kufika la tano alikuwa anakula kama mtu aliyetoka shamba, mlenda unamvutika hadi kidevuni, anacheka na kulia pamoja. Mama Koku akapiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuuliza nani kaozwa! Kesho yake mchana mtoto Ndahani alinyonya, akabeua, akalala. Tulifurahia kile kibeuo kuliko hotuba yoyote ya redio.

Alinimegea tonge na mie. Sikudanganyi, mwanangu: halikunikolea. Kwangu lilikuwa kama majivu, na ule mlenda sikujua niumeze au niukate. Nilipoona ladha haipo kwangu na kwake ipo, ndipo nilipoelewa. Utamu ule haukuwa kwenye ulimi. Ulikuwa kwenye magoti ya mama yake yaliyopigwa chini mbele ya jiwe.

Na nikakumbuka jambo nililolificha hata katika daftari. Mama yangu Newala alinitumia mfuko wa makopa, mihogo iliyovundikwa ikakaushwa, yenye harufu ile unayoijua. Nikaona haya, watasema mshamba huyu. Nikampa jirani alishe mbuzi. Mie niliyemwambia dada wa watu asifiche unga wa mama yake, wangu niliwapa mbuzi! Jioni ile nikachana karatasi katika daftari la mipango nikaandika barua: "Mama, shikamoo. Naomba makopa."

Pipa tulilimaliza kwa shida, wiki mbili, tukiuita ule ugali "Mpango," na mtu akiumwa tumbo anasema kapigwa na Mpango. Lakini chungu kimoja hatukukiacha, mwanangu! Tulikitengeneza upya. Kila Jumapili chumba kimoja kinapika chakula cha kwao, kama kinavyopikwa kwao, na wengine tunakaa tunakula na kuulizia: hiki alikuwa anakupikia nani? Zamu yangu ilipofika, ugali wa makopa na kisamvu, Mama Koku alishika pua na mkono wa kushoto huku wa kulia unamega. Mie tonge la kwanza tu, nikajikuta niko mlangoni kwetu, mama ananiambia nawa mikono. Nikalia mbele ya nyumba nzima, na hakuna aliyenicheka. Mzee Kibwana tulimwalika pia. Alikuja na boga.

Nimekusimulia haya kwa sababu juzi, kule Sinza unakoishi na wenzako, nilikusikia ukimcheka yule kijana aliyeletewa dagaa na unga kutoka kwao, ukamwambia mjini kuna chipsi mayai, ayatupe hayo. Sikukukemea mbele za watu. Nakwambia sasa, tukiwa wawili.

Usimguse mtu chakula cha kwao kabla hujamuuliza ni cha nani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mie niliuliza baada ya kumwaga. Chakula kinachomtuliza mtu mara nyingi si kizuri, hakina nyama, tena pengine kinanuka. Lakini ndani yake yumo mtu aliyewahi kumwambia kula, mwanangu. Ukimwona mwenzako amekosa raha, usimpe unachokipenda wewe. Muulize alipokuwa mdogo akiumwa alipikiwa nini, kisha kitafute, hata kama kiko kwa njiwa. Na cha kwenu usikionee haya. Siku itakuja utakitamani, na mikono iliyokuwa ikikipika haitakuwepo. Kujumuika si kukoroga watu mpaka wawe rangi moja. Ni kila mtu kuleta chake mkekani, kikajulikana kuwa ni chake, kikaliwa na wote.

Kwa hiyo leo, kabla jua halijazama, mpigie mama yako simu umuulize vile vitumbua anavyoviunguza kidogo upande mmoja anatia nini. Usikate simu haraka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki ya halali na watu wa kula nao. Akuweke mbali na njaa ya tumbo, na zaidi akuweke mbali na ile njaa nyingine. Na kila mfuko utakaouona ni mtupu, akujaalie mwenye hekima wa kukufungulia mshono. Amina.